Taa Sita Juu ya Keria

Mtu akija kwangu kutaka taa za ziada, swali langu la kwanza ni anakwenda wapi. Wengi hawaendi popote. Johannesburg imejaa magari yenye taa za kuwindia simba ambayo safari zake ndefu ni kutoka nyumbani hadi kanisani, na nyingi ya taa hizo nimezifunga mimi mwenyewe huku nimenuna. Napenda kazi yenye sababu. Ndiyo maana mwaka 2015, wakati wa baridi, yule mzee Mkongo alipoingia kwenye ua wetu wa gereji, mtaa wa Bertrams, akasema anataka taa juu ya keria kwa ajili ya njia ya Lubumbashi, nilimpokea vizuri kuliko ninavyowapokea wengine.

Alikuwa anajulikana. Kila mwezi gari lake la viti saba liliondoka Johannesburg na watu ndani na mizigo juu: Wakongo aliwafikisha kwao Lubumbashi, sisi Watanzania alitushusha Kapiri Mposhi, Zambia, tukapande treni ya Dar. Hakuwa na ofisi wala kibao. Unampigia, anakutajia siku, unaleta mabegi. Wakongo walimwita Papa, mimi mtu wa Tanga nilimwita mzee. Mkewe alikaa kiti cha mbele safari zote, na abiria waliorudi walituchekesha kwa habari za mdomo wake. Walisema mama yule anaanza kuongea Bertrams, akimeza mate mmeshafika mpaka wa Zimbabwe.

Safari hii mkewe asingekwenda, alikuwa amepasuliwa goti. Na safari hii kati ya abiria alikuwemo mke wangu, na binti yetu wa miezi minane. Mama mkwe wangu alikuwa amepooza upande mmoja kule Tanga, hali inazidi kudhoofu, na alikuwa hajamwona mjukuu wake. Pesa ya basi kubwa tulikuwa tumeshaituma hospitali. Mimi nisingeweza kuwasindikiza, maana karatasi yangu ya kuomba hifadhi ya ukimbizi hairuhusu kuvuka mpaka, ukitoka umetoka. Basi tukapatana na mzee kama watu wazima: mimi nimfungie taa, yeye anifikishie watu wangu Kapiri.

Kazi ya taa za keria si ngumu, ila ina adabu zake. Waya mnene unatoka kwenye betri na kupita kwenye fyuzi, na fyuzi hiyo ikae karibu na betri, maana waya usio na fyuzi ukikwaruzika tu ni moto. Halafu unaingia kwenye rilei, kile kidude cheusi kinachobeba mzigo wa umeme ili swichi ya dashibodi isiungue. Kutoka hapo unapanda pembeni ya kioo cha mbele, chini ya ule mpira, hadi juu. Mafundi wavivu hutoboa paa. Mimi sitoboi paa la mtu, mvua ikimdondokea kichwani anilaani mimi na ukoo wangu.

Taa mbili nilizimaliza Jumatatu. Jumanne asubuhi mzee huyo, amerudi.

"Mwana, iko muzuri, lakini ongeza. Mwanga iko na moshi."

Nikapanda juu, nikafuta vioo vya taa kwa fulana yangu mpaka vikalia. Nikafunga mbili nyingine. Jumatano akaja tena na moshi wake. Hapo damu ikaanza kunichemka, kwa sababu mtu akikosoa taa zangu ni sawa na kukosoa pilau ya mama yangu. Nikamuuliza, "Mzee, unasafiri au unawinda?"

Akacheka taratibu. "Njia iko mubaya, mwana. Punda, ng'ombe, bantu. Weka tu."

Nikaweka. Taa sita zikajipanga juu ya keria, nikaongeza rilei ya pili na fyuzi kubwa zaidi, na nikazirudisha nyuma kidogo ili mwanga usipige boneti. Hilo ndilo tatizo la taa za juu: zikiangaza boneti zinamrudia dereva machoni, na kila dereva niliyewahi kumfungia alilalamika siku ya kwanza. Mzee hakulalamika hata kidogo. Nikajisifu moyoni kwamba nimepatia.

Aliomba pia jambo jingine. Swichi nilimwekea nzuri, ina kitaa chekundu ikiwaka, lakini yeye akataka niifunge uzi mnene kuizunguka, mkono uijue. Nikaona hizo ni busara za dereva wa zamani ambaye hataki kutoa macho barabarani. Nikafunga uzi, tena wa katani, nikamwambia hapo hata ukiwa na glavu utaijua. Akanishukuru sana, akanishika na bega.

Alhamisi jioni ilibaki kupima taa ukutani. Safari ilikuwa Jumamosi alfajiri. Kupima kwenyewe ni hivi: unasimamisha gari mbele ya ukuta, unachora misalaba kwa chaki mahali mwanga unapotakiwa kukaa, halafu unakaza taa moja moja mpaka ikae kwenye alama yake. Jua lilikuwa limeshazama na umeme wa mtaa umekatwa kwa mgao, jambo lililonifaa, maana giza linaonyesha kosa la taa vizuri. Mzee aliketi kwenye usukani, injini ya dizeli inanguruma. Mimi nilikuwa ukutani upande wa kushoto, nachora.

Nikamwambia asogee mbele kama hatua mbili. Akasogea. Nikamwambia basi, hapo hapo. Akaendelea kuja. Nikadhani hajanisikia kwa sababu ya injini, nikainua mkono wenye chaki nikampungia asimame. Gari likaendelea kuja polepole, bila wasiwasi wowote, taa zote sita usoni kwangu, mpaka bampa likanigusa magoti na mgongo wangu ukagota ukutani. Nikapiga boneti kwa spana kwa nguvu zangu zote.

Akakanyaga breki. Akatoa kichwa dirishani. Hakunitazama mimi, alitazama rundo la matairi lililokuwa mbali upande wa kulia, akauliza kwa sauti ya upole:

"Uko wapi, mwana?"

Nimefanya kazi na umeme tangu nina miaka kumi na tano, nimerushwa na waya mara nyingi, lakini sijawahi kushtuka vile. Joto la taa nilikuwa nalihisi kwenye mashavu. Kivuli changu kilikuwa kimejaa ukuta mzima nyuma yangu. Nilibaki pale, spana mkononi, nikingoja acheke aseme ananitania. Hakucheka. Akauliza tena, chini kidogo, na macho yake yakapita juu yangu yakaenda kwenye lango na kurudi, yananitafuta.

Nilijitoa pale ukutani, nikazunguka, nikazima gari mwenyewe.

"Mzee, huoni."

"Mi naona."

"Nimevaa nini?"

"Ovaroli."

"Rangi gani?"

Akafikiri. "Bluu."

Ovaroli zangu za siku zote ni za bluu. Siku ile nilivaa ya rangi ya machungwa, ile ya watu wa barabara, inayoonekana kutoka hapa hadi Alexandra. Nadhani ukimya wangu ndio uliomwambia, kwa sababu aliondoa mikono kwenye usukani akaiweka mapajani.

Ndipo akanieleza. Mtoto wa jicho, macho yote mawili, mwaka wa pili sasa. Alikuwa kwenye orodha ya kupasuliwa, na orodha ilikuwa ndefu. "Mchana mi naona, si sana, lakini naona. Kwa robot, ile taa ya njia panda, naona nyekundu. Usiku njo iko moshi."

"Sasa mwaka wote huu unaendeshaje usiku?"

"Bibi yangu anaona," akasema.

Ilinichukua muda kuelewa. Yule mama waliyemcheka kwa kuropoka njia nzima hakuwa anaropoka. Alikuwa anamsomea barabara. Kona hii, lori lile, polepole, shika kushoto, ng'ombe. Watu waliokuwa wamelala viti vya nyuma walikuwa wanaendeshwa kwa mdomo wa mwanamke, na waliporudi walitusimulia kama kichekesho na sisi tukacheka. Nilitaka kukaa na sikuona pa kukaa.

Kwetu mtu hamwambii mzee maneno mazito, hata akiwa na kosa. Unazunguka, unamtuma mwingine. Mimi sikuzunguka. Nilimwambia, "Mzee, wewe ni kipofu, na utaua watu." Nilimwambia kwa sauti kubwa, uani, na fundi wa bodi tuliyekuwa tunashirikiana naye ua alikuwa anasikia. Mpaka leo naona aibu kwa neno lile, ingawa lilikuwa kweli tupu. Wahenga wanasema mficha maradhi kilio humfichua, na mimi nilichofikiria ni kwamba kilio chenyewe kitakuwa cha nyumbani kwangu.

Mzee hakukasirika. Alishuka, akapapasa mlango, akaufunga. "Usiogope, mwana. Nimepanga kila kitu," akasema, akaenda zake kwa miguu. Gari na funguo akaniachia kama tulivyokubaliana.

Nilitembea mpaka Bellevue bila kujua nimepita mtaa gani. Tulikuwa tunakaa chumba kimoja kwenye nyumba kubwa ya zamani iliyokatwakatwa vyumba. Mke wangu alikuwa sakafuni anakunja nguo za mtoto na kuzipanga kwenye begi, kandili ya betri pembeni yake. Sikuvua hata viatu. Nikamwambia hamwendi. Nikamwambia yule mzee haoni, nusura aniue ukutani sasa hivi, taa sita zinawaka.

Hakuinua uso. Alimaliza kukunja kigauni alichokuwa nacho, akakiweka.

"Najua," akasema.

Nilidhani hajanielewa. Nikarudia. Akaniambia nipunguze sauti, mtoto amelala, kisha akasema maneno ambayo hata sasa nikiyakumbuka natafuta pa kujishika.

"Mkewe alikuja Jumanne, na magongo yake. Kanieleza yote. Mimi ndiye nitakayekaa mbele."

Nikaufunga mlango nyuma yangu.

"Kanifundisha," akaendelea. "Hutakiwi kupiga kelele, unamchanganya. Unasema kwanza upande, halafu ndiyo unasema kitu. Kushoto, papa, baiskeli. Kulia, papa, lori. Na usinyamaze hata kama barabara ni tupu, kwa sababu ukinyamaza anadhani umelala." Alisema vile kwa utulivu, mikono inaendelea na nguo, kama anasoma maelekezo ya dawa ya kikohozi.

Niligomba. Nilisema maneno yote ambayo mume husema, na mengine ambayo hayafai. Nilimuuliza kama ana akili timamu, na mtoto angempakata wapi, na nani kampa ruhusa ya kunificha jambo kama hili. Akaniacha nimalize. Halafu akauliza, "Una njia nyingine ya kunifikisha kwa mama yangu? Nipe. Niambie sasa hivi, naifuata."

Sikuwa nayo. Pesa haikuwepo, karatasi yangu ilikuwa inanifunga, na mama yake alikuwa haongei tena kwenye simu, anapumua tu. Akasema, "Basi," akarudi kwenye begi. Nilikaa kitandani na viatu vyangu. Kilichonishtua zaidi ya kile cha ukutani ni kwamba mke wangu hakuwa na hofu. Alikuwa ameshaogopa peke yake tangu Jumanne, akamaliza, na mimi nilikuwa naanza.

Ijumaa nzima funguo za gari lile zilikuwa mfukoni mwangu. Ningeweza kukata waya mmoja tu na gari lisiwake mpaka mwaka mwingine. Nilifungua boneti mara tatu na koleo mkononi, na mara tatu nikamwona mama mkwe wangu kitandani, nikafunga. Mwishoni nilifanya kitu kimoja. Nilichomoa rilei zote mbili. Taa sita zikabaki juu ya keria zimekufa.

Mzee alipokuja jioni nilimwambia ukweli wa kifundi. Jicho lenye ukungu ukilimwagia mwanga mwingi unazidisha ukungu, kwa hiyo taa hizi nilizokufungia zinakuumiza wewe mwenyewe, na kila ulichoongeza uliongeza moshi. Akasikiliza kwa makini. Nikamwambia jua likigusa milima, simamisha gari mlale. Hata kama mmebakiza kijiji kimoja, mlale. Akaapa kwa Mungu wake. Nikamwambia mke wangu naye mbele yake, akikataa kusimama, wewe chomoa funguo. Mzee akatikisa kichwa kukubali. Nikamwomba radhi kwa neno lile la jana, akasema limeshapita.

Jumamosi walikusanyika uani. Abiria wanne wa nyuma, vitenge, mabegi ya plastiki ya milia, na godoro la mtu ambalo sijui lilitoka wapi. Kila mmoja alizitazama zile taa. Kijana mmoja akasema kwa taa hizi Lubumbashi mtaiona mkiwa bado Pretoria, wakacheka, na mimi nikacheka nao, rilei zikinigonga paja ndani ya mfuko. Mke wangu akaingia mbele. Nikampa mtoto. Mlango wa gari lile ulikuwa mgumu, unahitaji kusukumwa kwa bega, na mimi ndiye niliyeusukuma. Niliposikia umejibana nilishtuka, nikaona kama mkono ule si wangu. Mzee akawasha, na kabla hawajatoka langoni nilimsikia mke wangu akisema, "Kulia, papa, nguzo." Gari likaikwepa nguzo.

Siku tatu sikufanya kazi ya maana. Nilifunga redio ya mtu kinyumenyume, nikamwaga tindikali ya betri kwenye kiatu. Simu ilikuwa haishiki, na nilipokuwa napata usingizi naota boneti inakuja. Fundi wa bodi aliniletea chai.

Siku ya nne, mchana, ikaita. Namba ya Zambia. Mwanzoni nilidhani ni mtu mwingine, kwa jinsi sauti ilivyokuwa imekauka, mkwaruzo mtupu.

"Tumefika Kapiri," akasema. "Mtoto mzima. Treni ni kesho."

Nilikaa chini juu ya tairi nikalia, mtu mzima, sikujali nani ananiona. Akaniambia mzee alitimiza, jua likishuka analala. Akaniambia kuna mambo mawili ya Zimbabwe atanisimulia siku nyingine, si kwa simu. Niliendelea kusema alhamdulillahi kila alipopumzika. Mwisho kabisa, kwa heshima tu, kama mtu anavyouliza habari za wenyeji, nikamuuliza mzee yuko wapi nimshukuru.

"Ameshaondoka. Wanakwenda Lubumbashi."

Hapo ndipo lilipoingia kichwani mwangu, na liliingia lote kwa mara moja. Wale wanne walikuwa bado ndani. Wiki nzima ile, ukutani, kitandani, kwenye boneti na koleo mkononi, sikuwa nimewafikiria hata mara moja.

"Nani amekaa mbele?" nikauliza.

"Yule dada msusi aliyekuwa nyuma yangu," akasema. "Nimemfundisha tangu mpakani Chirundu. Macho yake mazuri kuliko yangu." Akakohoa, akatafuta sauti. "Ila akishtuka, maneno hayamtoki."